UZI: Upandikizaji wa nywele ulikoanzia, ulikofika, na kwa nini nimemwomba mdogo wangu asiuze kiwanja kwanza

NesiMakole (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Wakubwa shikamooni.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, ana miaka 24. Upara ulimwanza akiwa mwaka wa pili UDOM, kwanza pembeni mwa paji la uso, sasa na utosi unaonekana. Mwezi wa nne alinipigia kuniambia amepata mteja wa kiwanja chake cha Nala, kile alichoachiwa na baba, na pesa hiyo anakwenda nayo Istanbul, Uturuki, kupandikizwa nywele. Alikuwa hatanii. Kijana huyu haendi harusini bila kofia, na picha ya mahafali yake hajawahi kumwonyesha mtu.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Daktari wa ngozi siyo. Nilimwambia anipe miezi mitatu nisome, nikishindwa kumpa sababu nitamsindikiza mwenyewe hadi stesheni ya SGR. Nimesoma. Naweka hapa kwa sababu najua siyo yeye peke yake.

Nianze na neno lenyewe. Hapa mjini mtu akisema upandikizaji, akili inakwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa kwenye figo, huduma iliyoanza pale 2018. Figo inatoka kwa ndugu, na aliyepokea anameza dawa siku zote ili mwili usiikatae. Nywele hazina habari hiyo. Zinatoka kisogoni kwako zinahamia utosini kwako. Hakuna anayekutengenezea nywele mpya, na hakuna anayekuongezea hata moja. Shikeni hapo, maana historia yote inayofuata ni ya watu kujifunza namna ya kuhamisha bila kuharibu.

Watu wengi wanadhani jambo hili limeanza na Waturuki. Mjapani, Dk. Shoji Okuda, alichapisha kazi yake 1939. Alikuwa na wagonjwa wenye makovu kichwani na wengine waliopoteza nyusi. Alitumia kijibomba cha chuma chenye makali mdomoni, upana wa milimita 2 hadi 4, akikata kiduara cha ngozi yenye nywele na kukichomeka kwenye tundu la upana kama huo mahali palipokuwa wazi. Nywele zikaota. Mwaka 1943 Mjapani mwingine, Hajime Tamura, akaenda mbali zaidi: vipande vyake vilikuwa vidogo mno, nywele moja hadi tatu kila kimoja. Lakini vita vilikuwa vimepamba moto, maandishi yao yalikuwa ya Kijapani, na huko Ulaya na Marekani hakuna aliyeyasoma. Hili linaniuma kila nikilifikiria, kwa sababu alichofanya Tamura 1943 ndicho dunia nzima ilikuja kukifikia miaka ya tisini. Katikati hapo watu wengi waliharibiwa vichwa.

Mwaka 1952 daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, alifanya upandikizaji wa kwanza kwa mtu mwenye upara ule wa kawaida wa wanaume. Alipata shida kuaminiwa na wenzake, makala yake ikatoka 1959. Wengi walikuwa wanaamini utosi wenyewe ndio mbovu, ngozi imekaza au damu haifiki, kwa hiyo ukichomeka nywele pale zitakufa kama zile za mwanzo. Orentreich akaonyesha sivyo. Nywele ya kisogoni ukiihamishia utosini inaendelea kuishi kama ya kisogoni.

Nilimweleza mdogo wangu kwa mfano wa zabibu akaelewa hapo hapo. Ukikata pingili ya mzabibu mwekundu wa Makutupora ukaenda kuipanda Mpunguzi, itazaa zabibu nyekundu ileile ya Makutupora. Tabia imo kwenye pingili. Na chanzo cha tabia hiyo kilishaanza kueleweka tangu 1942, pale James Hamilton alipoonyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, ila wakipewa homoni ya kiume baadhi yao wanapata. Kwa hiyo ni homoni pamoja na urithi. Nywele za juu zinaathiriwa na homoni hiyo, za kisogoni na za juu ya masikio zinaistahimili.

Sasa kosa la miaka ile. Vile viduara vya Orentreich vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, kila kimoja na nywele kumi na kitu. Ukiviotesha mbele, unapata kichaka, kisha ngozi tupu, kisha kichaka. Mliokulia vijijini huku kwetu mnalijua shamba la mtama baada ya kuvuna, mashina yamesimama kwa mafungu na ardhi inaonekana katikati. Ndivyo vichwa vilivyokuwa, na hali hiyo iliendelea hadi miaka ya themanini. Waliojaribu viduara vikubwa zaidi wakakuta nywele za katikati zinakufa, kwa sababu damu ya pembeni haikuwahi kufika ndani. Wengine wakaja na njia ya kukata kabisa ile ngozi yenye upara na kuvuta pande mbili zikutane. Kovu likabaki juu, na upara ukiendelea, kovu linaanikwa hadharani.

Naendelea chini, nipeni nafasi.

Kinyozi wa Majengo

Niko hapa mkuu. Mimi nimeshika mashine Majengo miaka kumi na sita. Vijana wanaoniuliza habari hizi sasa hivi ni wengi kuliko zamani, tena wanakuja na picha kwenye simu. Endelea, nitakuwa na langu la kusema kuhusu kisogo.

Mwana wa Kondoa

Kaka, mimi nimeota kipara nikiwa na miaka 30, nanyoa chote, maisha yanaenda. Baba yangu hivyo hivyo, babu hivyo hivyo. Kwa nini kijana asiambiwe tu anyoe?

NesiMakole (mleta uzi)

@Mwana wa Kondoa, nilimwambia hivyo hivyo nikajiona nimemsaidia. Akanyamaza, halafu hakupokea simu zangu wiki mbili. Mtu anayeumia na kitu kilichoko kichwani kwake, ukimwambia si kitu, anajua hujamsikiliza. Ndiyo maana nikaamua kusoma. Kunyoa ni jibu zuri kwa anayelitaka, na wewe limekufaa.

Naendelea.

Kilichobadilisha kazi hii ni darubini. Ukinyoa kichwa ukakitazama kwa lenzi, utaona nywele haziachani moja moja. Zinatoka kwa makundi madogo, moja, mbili, tatu, mara chache nne, kila kundi na tundu lake. Mwishoni mwa miaka ya themanini daktari Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, alianza kukata ukanda wa ngozi kisogoni, kuushona, kisha ule ukanda unawekwa chini ya darubini na wasaidizi wanauchambua kundi kwa kundi bila kuukata mzizi. Mwaka 1995 Robert Bernstein na William Rassman wakaiandika njia hiyo wazi: panda makundi jinsi Mungu alivyoyapanga, usiyavunje na usiyarundike. Mbele kabisa weka zile za nywele moja moja, nyuma yake za mbili na tatu. Kwa anayefanya kazi ya upasuaji, hapo unaona heshima. Kwa muda wa saa sita, hata nane, meza nzima ya watu wameinama wanachambua vitu vidogo kuliko punje ya uwele, na kila kimoja lazima kikae kwenye unyevu. Kikikauka kimekufa.

Ubaya wake ni kovu, mstari mmoja mrefu kisogoni kutoka sikio hadi sikio. Mwenye nywele ndefu hulioni. Anayenyoa chini, na sisi wengi tunanyoa chini, unaliona.

Ndipo ikaja njia ya kung'oa kundi moja moja kwa kijibomba kisichozidi milimita moja, bila kushona. Masumi Inaba, Japani tena, alikuwa ameielezea 1988. Ray Woods akawa anaifanya Australia tangu 1989, na 2002 akina Rassman wakaichapisha kwa jina ambalo leo limo kwenye kila tangazo, FUE. Badala ya mstari unabaki na vidoa vyeupe vingi vidogo. Anayekuambia haina kovu kabisa anakudanganya.

Mwaka 2011 Marekani ikaidhinisha roboti ya kung'oa, ARTAS. Mdogo wangu alinitumia video yake. Sasa someni idhini ile ilikuwa ya nani: wanaume wenye nywele zilizonyooka, nyeusi au kahawia. Nywele zetu hazikuwemo. Na hapo ndipo linapoanza jambo ambalo kwenye matangazo sikuliona hata mara moja.

Mpunguzi Juu

Hapo kwenye nywele zetu fafanua taratibu mkuu, maana ndipo penye uzi wote.

NesiMakole (mleta uzi)

Nywele ya Mwafrika haijikunji ikishatoka nje tu. Mzizi wake ndani ya ngozi nao umepinda, kama ndoana. Sasa chukua kijibomba kilichonyooka ukizamishe kwa kufuata unachokiona juu. Chini unakutana na pindo, unalikata. Umetoa nywele bila mzizi, haitaota utosini, na kisogoni nako umeacha tundu. Umepoteza pande zote mbili. Mpasuaji aliyezoea nywele za Wazungu anaweza kukufanyia hivyo mara elfu moja kwa siku moja, na huna habari mpaka mwaka upite.

Anayeijua kazi anatumia kijibomba kipana kidogo, haendi chini sana, anageuza mkono kufuata pindo, na kabla ya yote anang'oa chache za kujaribia aone ngapi zinatoka nzima. Wengine wanakushauri njia ya ukanda kwa sababu pindo linaonekana chini ya darubini. Lakini ukanda unaleta suala la pili: kovu linalovimba, keloidi. Sisi watu weusi tunalipata zaidi ya wengine. Kama ulitoboa sikio likavimba, au chanjo ya begani iliacha uvimbe mgumu unaowasha, mwambie daktari kabla hajashika kisu chochote.

Nywele zetu zina faida moja kubwa nayo isemwe. Kwa kuwa zinajikunja, chache zinafunika eneo kubwa. Mwenye nywele zilizonyooka anahitaji nyingi zaidi kuziba sehemu ileile.

Kinyozi wa Majengo

Sasa langu. Hao vijana wanaotaka kupandikizwa, nusu yao ukigeuza kichwa unakuta vipele vya kisogoni. Anakuja kila siku tatu anataka nimkwangue chini kabisa, mstari wa nyuma uwe mkali. Vile vipele vinakomaa, vinakuwa vigumu, mwisho vinaungana vinakuwa bonge na nywele haioti hapo tena. Nikisema tuache kwa wiki tatu, anahamia kwa kinyozi mwingine. Kama nimekuelewa vizuri nesi, hao wanaharibu ghala lenyewe?

NesiMakole (mleta uzi)

Umenielewa kuliko mtu yeyote humu. Kisogo ndiyo ghala, na ghala halijazwi tena. Kichwa kina nywele kama laki moja. Upara unaanza kuonekana wazi wakati karibu nusu ya sehemu ile imeshaondoka. Ya kutoa salama kisogoni, kwa maisha yako yote, inatajwa makundi elfu sita hivi kwa watu wengi, na kwetu ni pungufu kwa sababu nywele zetu zimepandwa kwa nafasi. Mtu akipandikizwa makundi elfu tatu leo, ameshatumia nusu au zaidi.

Ndiyo sababu nimemzuia mdogo wangu. Ana miaka 24. Upara wake haujamaliza safari na hakuna anayeweza kuapa utaishia wapi. Yeye ananitajia Wayne Rooney, ambaye 2011 alitangaza mwenyewe kuwa amepandikizwa akiwa na miaka 25. Sawa. Lakini zile za kuhamishwa zinabaki pale pale, na zile za asili nyuma yake zinaendelea kudondoka. Unajikuta una ukingo wa nywele mbele, kisha uwanja mtupu, kisha kisogo. Ghala nalo limeshachotwa. Rooney anaweza kulipia mara ya pili na ya tatu. Kiwanja cha Nala ni kimoja.

Dada wa Area C

Samahani kaka nesi, mmeongea ya wanaume tu. Mimi nina miaka 41, utosi wangu umeanza kuwa wazi kama kiganja, unawasha, na unapanuka. Saluni wameniambia ni relaksa, mwingine mapunye, mwingine amenipaka maji ya kitunguu mwezi mzima. Mimi navaa wigi kazini Mtumba, na mume wangu hajauona utosi wangu tangu mwaka juzi. Je, na mimi naweza kupandikizwa?

NesiMakole (mleta uzi)

Dada yangu, asante kwa kusema. Naomba usingoje. Unaoueleza unaweza kuwa ugonjwa wa makovu unaoanzia utosini na kusambaa kama duara, unaowapata hasa wanawake weusi. Kwa miaka mingi walilaumiwa kwamba wamejiletea wenyewe kwa dawa za nywele na misuko. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya wanawake hao wana hitilafu kwenye jeni moja ya urithi inayoitwa PADI3, inayohusika na kutengeneza unywele. Kwa hiyo siyo uzembe wako. Kuvuta na kuchoma kunaweza kuzidisha, basi.

Lakini mzizi ukishageuka kovu haurudi, hivyo kila mwezi una maana. Daktari wa ngozi atakata kipande kidogo akipime, akianza dawa lengo ni kuuzima ugonjwa usiendelee. Kupandikiza kunafikiriwa baadaye, ukishatulia kwa muda mrefu, wengi wanasema mwaka au zaidi. Ukipanda huku ugonjwa unawaka, unazichoma na hizo mpya. Na mapunye nayo yapimwe, maana yana dawa yake na ni rahisi. Kitunguu acha, utosi uliovimba hauhitaji kuchomwa tena.

Wale wanaonyonyoka pembeni kwa sababu ya rasta za kuvuta ni kitu kingine. Hao wakiacha mapema nywele hurudi zenyewe. Akina mama wenye mabinti wanaosukwa hadi macho yanavutika, legezeni.

Bahi Road

Mimi nimefanya. Sitataja nchi wala kliniki. Nilikutana na daktari dakika tano, akanichora mstari kwa kalamu akatoka, sikumwona tena. Waliokata na kupanda walikuwa vijana watatu ambao hata majina sikuambiwa. Walinihesabia elfu nne. Leo ni mwaka wa tatu, mbele zimeota kwa mabakabaka, na kisogo kimebaki kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Siwezi kunyoa chini, siwezi kufuga. Nimesoma ulichoandika kuhusu pindo nikalia. Laiti mtu angeniandikia kwa Kiswahili kabla sijaondoka.

NesiMakole (mleta uzi)

Ndugu yangu, pole sana. Ulichopitia kinajulikana. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele, ISHRS, kilichoundwa 1993, kinapiga kelele kuhusu hilo hasa, la daktari kukodisha jina na watu wasiosomea kushika kisu. Kuna madaktari wazuri Istanbul, wazuri sana, na kuna viwanda. Swali la kuuliza ni moja: nani atakata na nani atatoboa, na naweza kuona usajili wake? Kwa hapa nyumbani, daktari yeyote lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na unayo haki ya kuuliza. Halafu mwombe akuonyeshe picha za vichwa vyenye nywele kama zako, alivyovifanya mwenyewe, baada ya miezi kumi na miwili.

Wewe usikate tamaa. Vidoa vya kisogoni vinaweza kufichwa kwa kuchanjwa rangi, na wakati mwingine nywele chache za kidevuni zinaweza kutumika. Nenda kwanza kwa daktari wa ngozi akuangalie, usikimbilie kliniki ya pili.

Mpunguzi Juu

Na dawa je? Kuna jamaa ananiuzia chupa ya kupaka, anasema inaotesha.

NesiMakole (mleta uzi)

Minoksidili ilikuwa dawa ya kumeza ya presha. Wagonjwa wakaota nywele mwilini, ndipo ikatengenezwa ya kupaka, na 1988 Marekani wakaiidhinisha kwa upara. Inasaidia kushikilia zilizopo na kunenepesha zilizosinyaa. Ukiacha, faida inaondoka. Finasteraidi ya kumeza iliidhinishwa kwa upara 1997, hiyo inapunguza homoni yenyewe, wanaume wengine inawapunguzia hamu ya tendo la ndoa, na mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge kilichovunjika. Hizi ni za kuandikiwa na daktari. Chupa ya jamaa iangalie kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama haina namba mrudishie.

Na kwa watakaopandikizwa wakarudi Dodoma hii ya jua na upepo: siku kumi za kwanza vile vipandikizi havijashika vizuri. Usipande bodaboda, helmeti inakwangua, tena ile imeshavaliwa na watu hamsini. Vumbi la Nkuhungu mwezi wa nane usilikaribie. Lala kichwa kimeinuka. Wiki ya pili hadi ya nne nywele zilizopandwa zinadondoka karibu zote, msishtuke, mzizi umebaki. Zinaanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, na hukumu inatolewa mwezi wa kumi na mbili.

Mwana wa Kondoa

Nimesoma tangu mwanzo. Nafuta nilichosema. Bwana mdogo ameamuaje?

NesiMakole (mleta uzi)

Alikuja Jumamosi iliyopita, tukaenda wote kwa daktari wa ngozi. Daktari alimtazama kwa lenzi robo tatu ya saa, utosini, pembeni, kisogoni. Akasema ni upara wa kawaida wa kurithi, unatembea bado, kisogo ni kizima na hakina vipele. Ameanza dawa ya kupaka, na tumekubaliana picha moja kila tarehe mosi, dirisha lile lile, saa ile ile ya asubuhi. Mteja wa kiwanja amepigiwa simu akaambiwa kwa adabu kuwa hakiuzwi. Kama hali itatulia, suala la kupandikiza tutalifungua akifika miaka thelathini au karibu na hapo, nami nitachangia.

Alivua kofia mbele ya daktari, akasahau kuivaa tukiwa tunatoka. Tulitembea hivyo mpaka Nyerere Square.

Miadi ijayo ni mwezi wa kumi na moja. Nitaleta mrejesho.